Mpagazi wa Angani: Maisha ya Beryl Markham



Kila mwaka katika kijarida hiki cha harambee huwa tunaandika maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki. Tumekwisha kuandika juu ya watemi, walimu na wamisionari. Mwaka huu tumemchagua mwanamke ambaye hakuzaliwa kwetu wala hakuzikwa kwetu, na tunajua wapo watakaouliza kulikoni. Sababu ni ombi lililofika mbele ya kamati mwezi wa tatu. Binti wa nyumbani, aliyemaliza kidato cha sita kwa masomo ya fizikia, jiografia na hisabati, anaomba mfuko wetu wa elimu umsaidie ada ya chuo cha urubani. Tulibishana vikao viwili. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema mashirika makubwa ya ndege ni machache, nafasi zake zinahesabika, na kwamba tutatupa fedha za watoto kumi kwa mtoto mmoja ambaye atarudi kukaa barazani na leseni yake mfukoni. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Ndipo tulipojiuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kurusha ndege bila kuajiriwa na shirika kubwa, na jina lililotujia ni la Beryl Markham.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, Uingereza, kwa jina la Beryl Clutterbuck. Akiwa na umri wa miaka mitatu hivi aliletwa Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba Njoro, akasaga nafaka, akapasua mbao na kufuga farasi wa mashindano. Mama yake hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza na kaka yake Beryl, akamwacha binti kwa baba. Baba naye alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo mtoto alilelewa zaidi na watu wa shamba. Marafiki zake walikuwa watoto wa Kinandi na Kikipsigisi, akajua lugha yao na Kiswahili, akaruka juu kama wanavyoruka wavulana wa kule, na akaenda porini na wawindaji waliobeba mikuki. Alipokuwa mdogo aliwahi kushambuliwa na simba aliyefugwa na jirani, akabaki na kovu. Kati ya wenzake wa utoto alikuwamo Kibii, mtoto wa shujaa wa Kinandi aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Huyo Kibii alipokua aliitwa arap Ruta, na tutamrudia.

Baada ya vita ile baba yake alifilisika. Shamba likauzwa, naye akaenda Peru kutafuta maisha mapya. Beryl, msichana wa miaka kama kumi na minane, tayari ameolewa na ndoa yenyewe haina raha, alibaki. Urithi wake ulikuwa ujuzi wa farasi. Aliomba leseni ya kufundisha farasi wa mashindano akaipata, mwanamke wa kwanza kuipata Kenya, na mwaka 1926 farasi wake aitwaye Wise Child alishinda mbio za St Leger pale Nairobi. Tunaitaja habari ya farasi kwa sababu ndiyo iliyomfundisha kuishi kwa malipo ya kazi moja moja: unapewa mali ya mtu mwingine, unaitunza, unalipwa ikifanya vizuri, na usipolala macho unakosa vyote.

Habari za ndoa zake hatutazichambua. Zilikuwa tatu, ya pili ikampa jina la Markham na mtoto mmoja wa kiume, Gervase, aliyezaliwa 1929 na kulelewa Uingereza na bibi yake. Yalisemwa mengi juu yake na wanaume wakubwa, akiwamo mwana wa mfalme wa Uingereza, na ni kweli kwamba kutoka huko alipata posho ya kila mwaka. Tunalisema hili wazi ili mtoto wa mkulima wa tumbaku asije akadhani kwamba mama huyu alianza na mikono mitupu kama yeye.

Urubani ulimjia kupitia mtu aitwaye Tom Campbell Black. Huyu alikuwa rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni ndogo iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa na fedha na ujasiri. Kiwanja chao ndicho tunachokiita leo Wilson. Campbell Black alikuwa mwalimu mkali wa maneno machache. Alimwacha mwanafunzi akosee karibu na kufa, kisha akashika usukani wakati wa mwisho. Mwezi Mei 1931 rafiki yao Denys Finch Hatton, naye rubani, alianguka na ndege yake Voi akafa pamoja na mtumishi wake. Mtu mwingine angeacha. Beryl aliendelea, na katikati ya mwaka huohuo alirusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza akapata leseni ya daraja A. Mwaka uliofuata alirusha ndege yake ndogo, Avro Avian yenye namba VP-KAN, kutoka Nairobi hadi Uingereza akiwa peke yake.

Lakini leseni ya A haikumruhusu kutoza hata senti. Anayetaka kulipwa alihitaji leseni ya B, na hapa ndipo wengi walipoishia, kama wanavyoishia leo. Mtihani wake ulikuwa wa hesabu za njia na upepo, hali ya hewa, sheria, injini ndani na nje, kuruka usiku, na afya ya mwili. Mwaka 1933 Beryl aliifaulu, mwanamke wa kwanza kuipata Kenya. Hakuwa amesoma shule kwa muda mrefu, na vitabu vilimtesa. Alijifungia akasoma hivyohivyo.

Sasa alikuwa na leseni, na hakuwa na mwajiri. Basi akawa mwajiri wa nafsi yake. Alipanga nyumba ndogo kwenye viwanja vya klabu ya Muthaiga, akaiweka Avian pale kiwanjani, na kusubiri wateja. Walikuja. Palikuwa na dhahabu Kakamega, na wachimbaji walihitaji barua, vipuri na dawa. Palikuwa na wakulima waliotaka kufika mahali ambapo gari lingechukua siku nne kwenye matope. Palikuwa na madaktari, na palikuwa na wagonjwa. Aliwahi kumtafuta rubani mwenzake aliyepotea Serengeti akampata akiwa hai kando ya ndege yake mbovu.

Sisi watu wa Unyamwezi hatuhitaji kuelezwa sana kazi ya namna hii. Mababu zetu waliifanya kwa miguu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi. Hakuwa mtumwa. Alipatana ujira kabla ya kuufunga mzigo, akalipwa kwa nguo, na mwenye msafara akivunja mapatano aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu hawapo. Masika yakikaribia alirudi kulima. Alijua visima, alijua watemi wanaotoza hongo kubwa, alijua wapi pa kupumzika. Tunathubutu kusema kwamba Beryl Markham alikuwa mpagazi wa angani, na kwamba angeelewana na wazee wale kuliko alivyoelewana na mabibi wa Nairobi.

Wala anga la kwetu halikuwa geni kwa ndege wakati huo. Mwaka 1920, ndege kubwa ya Vickers Vimy iliyogharimiwa na gazeti la The Times la London, ikijaribu kwa mara ya kwanza kufika Cape Town, ilianguka Tabora tarehe 27 Februari wakati ikijaribu kupaa. Watu walipona, safari ikafia hapo. Miaka minane baadaye, Aprili 1928, Lady Mary Bailey aliyekuwa akiruka peke yake kwenda huohuo Cape Town aliivunja ndege yake papo hapo Tabora. Mume wake alikuwa tajiri, ikaletwa ndege nyingine kutoka Afrika Kusini, naye akaendelea na kufika mwisho wa mwezi. Wazee wetu walizoea kusema Tabora haimwachii msafiri apite bila kulala. Mwinuko wetu wa zaidi ya meta elfu moja na mia moja, pamoja na joto la mchana, hulegeza hewa, na ndege nzito hupata taabu kuondoka. Misafara nayo ilikaa hapa miezi ikisubiri njia ifunguke.

Safari ya Beryl iliyotugusa kuliko zote ilifika kanda yetu ya magharibi, ingawa haikufika Tabora yenyewe. Ilikuwa mwaka 1935. Usiku, Nairobi, ujumbe ulifika kwamba huko Nungwe, kando ya Ziwa Victoria upande wa Geita, mchimbaji dhahabu mmoja alikuwa taabani kwa ugonjwa wa mapafu na alihitaji mtungi wa oksijeni. Kwa barabara angekwisha kufa. Beryl aliupakia mtungi akaondoka gizani. Ndege yake haikuwa na redio. Ramani za wakati ule zilikuwa na sehemu kubwa nyeupe, zilizoandikwa tu kwamba hazijapimwa. Chini hakuna taa ya mji wala ya gari, ni pori na maji tu. Alikuwa na dira, saa, kasi ya ndege na makadirio ya upepo, basi. Anayekosea nyuzi chache kwa mwendo wa masaa matatu anajikuta mahali pengine kabisa, na mafuta yamekwisha.

Nungwe walimwashia mioto kandokando ya kijiwanja chao. Akatua. Mtungi ukapelekwa kwa mgonjwa. Pale kambini akamkuta mgonjwa mwingine, huyu wa homa ya maji meusi, ambaye kwake hakuna mtungi wala dawa iliyoletwa. Alikaa naye, wakazungumza, ingawa ugonjwa ule ulimtisha. Aliporudi Nairobi hakujisifu kwa lolote, ila habari hiyo ndiyo aliyoiweka mwanzoni mwa kitabu chake, na tunadhani alijua kwa nini. Miaka 22 baadaye, mwaka 1957, madaktari watatu walianzisha huduma ya madaktari warukao tunayoijua leo kwa jina la AMREF. Kazi ile ya Nungwe ndiyo kazi yao.

Turudi kwa arap Ruta. Yeye ndiye aliyekuwa kiwanjani asubuhi. Alisukuma ndege, alijaza mafuta, alisafisha injini, alikagua waya na matairi, na alingoja usiku mzima ndege isiporudi kwa wakati. Alitoka kwenye farasi pamoja na Beryl akaingia kwenye injini bila kwenda chuo chochote. Walicheza pamoja walipokuwa watoto, kisha mmoja akawa bibi na mwingine mtumishi, kwa sababu hivyo ndivyo ukoloni ulivyopanga. Katika Kenya ya miaka ile hakuna aliyemuuliza Ruta kama angependa kuketi mbele. Beryl mwenyewe alimpenda na kumsifu, lakini nao hakuandika swali hilo. Tulipokuwa tukiyasoma maisha haya kamatini, mjumbe mmoja alisema kwamba ombi la binti yetu ni ombi ambalo Ruta hakupata nafasi ya kuliandika. Kikao kilinyamaza kidogo.

Ipo kazi nyingine aliyoifanya ambayo hatuisifu. Wawindaji matajiri walimlipa kuwatafutia tembo wenye pembe kubwa kutoka angani. Aliwaona, akaandika mahali walipo, akaudondosha ujumbe kambini ndani ya kifuko. Bror Blixen, mwindaji wa Kiswidi, alikuwa mshirika wake katika hilo. Ililipa vizuri kuliko barua na dawa, na ilikuwa ya hatari sana, kwa kuwa penye tembo hakuna pa kutua injini ikizima. Leo ingempeleka mahakamani, na sisi tulio jirani na Ugalla tunajua pembe zimetugharimu nini. Marubani wenzetu wa sasa wanaruka juu ya mbuga hizohizo wakiwahesabu tembo na kuwasaka majangili.

Mwaka 1936 alikwenda Uingereza, na mwezi wa tisa alifanya jambo lililomweka katika historia. Wengi walikuwa wamevuka Atlantiki kutoka Marekani kuja Ulaya, upepo ukiwa mgongoni. Kutoka Uingereza kwenda Marekani ni kupigana na upepo, na hakuna mwanamke aliyekuwa ameweza peke yake. John Carberry, mlowezi wa Kenya, alimwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, VP-KCC, kwa sharti kwamba airudishe mapema ashiriki nayo mashindano ya kwenda Johannesburg. Aliondoka Abingdon jioni ya tarehe 4 Septemba, mvua na upepo vikimpiga usoni. Ndege ilisheheni matangi ya mafuta hadi ndani ya chumba cha rubani. Kila tangi lilipaswa kukauka kabisa ndipo afungue jingine, na lilipokauka la kwanza injini ilizima gizani, ndege ikashuka kuelekea baharini, naye akipapasa kufungua koki. Iliwaka ikiwa imebaki kidogo.

Baada ya masaa 21 hivi aliiona nchi kavu. Ndipo injini ikaanza kukohoa tena, kwa sababu barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Alishuka Baleine, Cape Breton, nchini Canada, mahali palipoonekana tambarare na kumbe ni kinamasi cha mawe. Ndege ikachomeka pua. Akatoka na jeraha la paji la uso, akatembea kwenye tope hadi alipokutana na wavuvi. Hakufika New York kama alivyokusudia, na kwa hilo alijiona ameshindwa. New York yenyewe haikuona hivyo, ilimpokea kwa shangwe. Wiki mbili baada ya safari ile, tarehe 19 Septemba, mwalimu wake Tom Campbell Black aliuawa kiwanjani Liverpool, ndege ya jeshi ilipoigonga ya kwake akiwa bado chini.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo kazi za urubani zilimfuata. La. Jina lilikuwa kubwa, ajira hazikuwapo. Aliishi Marekani, akafanya kazi kidogo za filamu, akaolewa mara ya tatu, na mwaka 1942 akatoa kitabu chake West with the Night. Wapo waliosema aliandikiwa na mumewe huyo. Ubishi haujaisha, ila habari zilizomo ni za mtu aliyekuwapo. Vita vilikuwa vimepamba moto na kitabu kikasahaulika. Alirudi Kenya karibu na mwaka 1950, akaanza upya na farasi, na kwa miaka mingi farasi zake walishinda mbio kubwa. Uzee wake ulikuwa wa dhiki katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio za farasi Nairobi, mpaka mwaka 1983 kitabu kilipochapwa upya na kusomwa duniani kote. Alikula jasho lake miaka mitatu tu. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Tukarudi kwenye ombi letu tukiwa na macho mengine. Leseni ya biashara leo inadai saa 200 za kuruka, au 150 kwa chuo kilichoidhinishwa kwa mfululizo mmoja, cheti cha afya cha daraja la kwanza, na Kiingereza kilichopimwa. Kapteni wa ndege kubwa ya abiria anatakiwa kuwa na saa 1,500. Ni katikati ya namba hizo mbili ndipo vijana wengi hukwama: wana leseni, hawana saa. Saa hizo hupatikana kwa kazi zilezile za Beryl: watalii wa mbugani, wagonjwa, vipimo vya ardhi, mizigo ya migodini, kufundisha wengine. Ndege inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo katika viwanja vya vumbi vya Tanzania ni ya injini moja, na waliyoitengeneza waliipa jina la Caravan, maana yake msafara. Mzee wetu aliposikia hivyo alicheka, akasema basi hata Wamarekani wanatujua.

Hakubadili msimamo wake moja kwa moja. Alitoa sharti, na kamati imelikubali: mfuko ulipe kwa hatua. Kwanza uchunguzi wa afya, kwa kuwa hapo wengi huanguka mapema na fedha za ada huokoka. Kisha saa za leseni ya awali. Akifaulu, ndipo leseni ya biashara, na akianza kulipwa, arudishe nusu ya fedha mfukoni kwa ajili ya mtoto mwingine, awe wa urubani, uuguzi au ufundi wa injini. Ada za wanafunzi wetu wengine 14 hazitaguswa. Fedha hizi zitachangwa peke yake.

Binti tayari amepimwa Dar es Salaam, kwa nauli waliyochanga wajomba zake, na amefaulu. Fomu ya ahadi ya hatua ya pili iko ukurasa wa nyuma, pamoja na ile ya mfuko wa kawaida. Andika jina, wilaya unayotoka na kiasi, uikabidhi kwa mweka hazina siku ya harambee kabla chakula hakijapakuliwa, maana baada ya chakula tunafahamiana.